Breki Nilizorithi kwa Nyabuto

Nyabuto rafiki yangu,

Kalamu nimeshika mwenyewe, sikuomba mtu. Shule niliiacha mapema, unajua, kwa hivyo mahali nimekosea soma tu hivyo hivyo. Wewe pia hukuwa profesa.

Siku ya kugawa nguo zako, ndugu yako alichukua koti, shemeji akabeba gambuti. Mke wako Mama Moraa akaniuliza, "Na wewe Ombati, utabaki na nini ya kumkumbuka mzee?" Nikasema breki. Watu walicheka mpaka mchungaji akakohoa. Mimi sikucheka. Pikapu yako na yangu ni aina moja, na yako imesimama hapo kwa boma tangu ugonjwa wa sukari ukulaze. Kuku wanataga ndani.

Ngoja nikwambie. Tangu uende nimebadilisha pedi za breki mara tatu. Ni zile za kibandani Keroka, ulizokuwa unatukana. Unaweka leo, zinapiga kelele kama nguruwe, halafu zimeisha. Juzi nikishuka mteremko wa Nyacheki na majani chai nyuma, nilikanyaga, mguu ukazama kama umeingia matope. Migomba ya watu ndiyo ilinishika. Kijana yangu Makori akasema, "Baba, si breki. Ni mguu wako umechoka. Leta funguo."

Mimi! Mimi niliyeshusha lori ya mawe wakati barabara ilikuwa sabuni tupu, na wewe ukiwa umeshika mlango ukiita Mungu!

Nikamwambia, ngoja niweke breki za Nyabuto, ndio utajua kama ni mguu. Kwa sababu soko nzima ilijua maneno yako. "Ombati, kitu rahisi itakupeleka kwa mto. Mimi nanunua orijino, Kisii mjini, kwa duka ya vioo." Boksi yake ulibeba chini ya kiti, ukionyesha watu ile karatasi inayong'aa. Hiyo bei mtu angenunua ndama. Nikikwambia una kiburi, unanijibu, "Kiburi ndiyo inasimamisha gari."

Nikaleta fundi kwa boma yako, akatoa gurudumu ya pikapu yako. Akaniita nione.

Nyabuto, hakukuwa na kitu. Pedi imeisha mpaka chuma, na chuma imekula sahani ya breki. Nikageuza mabaki. Nyuma ni bluu ile ile, alama ile ile imepigwa kombo, kama zangu za kibandani. "Mzee, hizi ni mapacha," fundi akasema. Nikamwambia afunge gurudumu pamoja na mdomo.

Sasa niambie. Walikuuzia takataka ndani ya boksi nzuri? Ama pesa iliisha kwa dawa, ukabaki na boksi ya kutuonyesha? Nimesimama kwa kaburi yako nikauliza kama mwendawazimu.

Kama walikudanganya, basi hakuna breki ya kununua tena, ya bei ndogo wala ya bei kubwa. Na kama ni hiyo ingine... ulikuwa unateremka hii milima peke yako na hiyo siri, ukiimba, na mimi nimekaa kando yako. Mimi, ambaye tulitahiriwa msimu mmoja. Hata mimi hukuniambia.

Makori aliniuliza, "Breki za mzee zimesemaje?" Ningemwonyesha ile chuma. Angeona mwenyewe ni spea mbaya, mguu wangu hauna neno. Lakini angeambia mama yake, na huyo unamjua. Kufika Sabato watu wote wangekuwa wanacheka orijino ya Nyabuto.

Nikasema, "Breki zake zinashika vizuri sana. Ni mguu."

Nikampa funguo. Nikamwambia auze pikapu yangu kwa watu wa vyuma kuukuu, asiendeshe hata kutoka kwa geti. Akashangaa, gari ina breki nzuri hivyo, iuzwe kwa kilo? Nikamwambia mimi ni baba yake.

Sasa majani chai nabeba kwa mgongo. Vijana wa bodaboda wananipita wakisema, "Pole babu, uzee ni mbaya." Namezea. Mimi kumezea, Nyabuto! Hakuna kitu nangojea tena kwa hii barabara.

Lala. Kwa mdomo wangu hawatasikia kamwe. Wakisema hakuna mtu huku alikuwa na breki kama zako, mimi ndiye nitaitikia kwanza.

Ni mimi Ombati,
niliyekuwa dereva.