Waya wa Moto Chumbani kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
S.L.P. 318.
Jumanne, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Goti lako linaendeleaje? Na wifi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi tunapumua, na kwa yaliyotupata wiki iliyopita, kupumua si jambo dogo. Usiruke mistari kwa hofu. Hakuna aliyekufa. Soma taratibu.

Joto la mwaka huu limemshinda Mama. Alikuwa ameshahamia koridoni na mkeka wake, anasema chumba kimekuwa tanuri. Tukanunua feni ya dari. Fundi tuliyemtegemea akawa mtu wa kesho na kesho kutwa, na shemeji yako unamjua: kwa kuwa ni kinyozi hodari, anadhani kila chenye waya ni mashine ya kunyolea. Akasema ataifunga mwenyewe.

Jumatano asubuhi hakufungua saluni. Mimi nilikuwa nimetoka kupiga deki, sakafu bado mbichi. Akazima swichi ya ukutani, taa ikazimika.

"Umeona? Hakuna umeme hapo."

Nikamwuliza kwa nini asizime na swichi kubwa ya koridoni.

"Vya Mama vitayeyuka kwenye friji," akasema, akapanda ngazi ya chuma.

Kaka, sijui nikuelezeje. Hakupiga kelele. Nilisikia ngazi inatetemeka na meno yake yanagongana kama ya mtu mwenye homa. Mkono umeshika waya, hauachii. Nilinyoosha mkono nimvute mguu, na ningemgusa kama si Mama aliyekuwa mlangoni. "Usimguse," alisema. "Kata umeme."

Nikakimbia koridoni. Mikono ilikuwa imelowa, nikaishusha swichi kubwa kwa mpini wa ufagio. Nikasikia kishindo, kisha kimya. Kutoka pale hadi chumbani ni hatua sita. Nilisimama, maana nilijua nikifika mlangoni nitakuwa mke au mjane.

Alikuwa ameangukia kitanda cha Mama, macho wazi. "Nilizima," akasema. "Mbona nilizima?" Alirudia hivyo njia nzima hadi zahanati. Kiganja kimeungua, na vidole viwili vya mkono wa kulia havihisi kitu. Daktari anasema huenda hisia zikarudi, lini, hakusema. Jana alijaribu kushika mkasi, ukaanguka. Niliuokota nikaurudisha kwenye droo.

Kesho yake tulimpata fundi mwingine, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alipanda, akapima, akashuka, akakaa kitako sakafuni kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Swichi hii inakata waya wa kurudishia umeme," akasema. "Ukizima, taa inazimika, lakini waya wa moto unabaki hai juu. Anayepanda anaona giza, anadhani kuna usalama."

Akapima vyumba vyote vinne. Vyote viko hivyo. Miaka kumi na tisa Mama amekuwa akipanda juu ya meza kubadilisha balbu kwa mikono yake.

Fundi akauliza nani alifunga umeme wa nyumba hii. Mama akajibu bila kupepesa macho: "Fundi mmoja wa zamani. Alishafariki."

Kaka, Mama alikuua mbele yangu, kwa mapenzi. Sikuweza kumtazama. Alipoondoka yule fundi, Mama aliniita jikoni, akaniomba nisikuandikie. "Utamvunja moyo mwanangu," akasema. "Imeshapita."

Lakini haijapita, nami usingizi umenihama. Mwaka ule ulipotoka chuo cha ufundi, Mama alikutangaza mtaa mzima, na mtaa ukakuita. Hukufunga umeme kwetu tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya yamo kwenye dari za watu wasiojua kama wanaumwa.

Nimezikumbuka nyumba nne. Nilizunguka na yule fundi, Mama akidhani naenda sokoni. Moja ilishabadilishwa nyaya zote. Tatu zilikuwa kama yetu. Kwa dobi, taa ipo juu ya meza ya kupigia pasi, naye hufanya kazi peku kati ya mabeseni ya maji. Mwalimu mstaafu alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Hata bafuni?" Nikamwambia hata bafuni. Akamwita mkewe atoke bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo, akauweka mfukoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hizo tatu zimerekebishwa, na yetu pia. Feni inazunguka vizuri, Mama amerudi kitandani. Shemeji yako haingii chumba kile. Nami kila nikitaka kuwasha taa nasimama kwanza, nakausha mikono kwenye kanga, nakausha tena.

Sikuandikii kukuhukumu. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini, na hakuna aliyekagua kazi yako. Ila nataka unijibu bila kuzunguka. Ni lini ulijua namna sahihi? Kama ulijua baadaye ukanyamaza, hilo pia niambie. Na kama hukuwahi kujua mpaka unasoma hapa, Kaka, basi weka barua hii chini uende ukaangalie nyaya unazozifunga huko uliko.

Usianze kwa kuniomba radhi. Anza na nyumba. Niandikie kila mlango unaoukumbuka, hata kama jina la mwenyewe limekutoka: rangi ya geti, mti uani, mbwa. Fundi ameahidi tutazunguka wote wawili hadi zitakapokwisha. Tuma kwa njia ya haraka kuliko zote, maana kila siku kuna mtu mahali fulani anabadilisha balbu.

Msalimie sana wifi. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama angekusalimu, ila hajui kama naandika. Nilimwuliza shemeji yako nikufikishie neno gani. Aliutazama mkono wake. "Mwambie namsalimu," akasema. "Na mwambie aandike upesi."

Mungu ailinde mikono yako, na awalinde wote wanaolala chini ya kazi yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo.