Mukaba wa Ilunga

Dimanche, siku ya Mungu, mangaribi

Hapana, si kosa ya bale benye kunisaidia. Leo ku mashindano, ku ziwa, lac ya Nzilo, balinifunga ku kiti ya mutumbwi pole-pole kama mutoto. Banaogopa kuniumiza. Tangu mine, bomu ya chini ya udongo, ilinikata miguu, mi navutaka makasia na mikono na kifua tu. Mukaba, mushipi ya kunifunga ku kiti, ikiregea, nguvu yote inapotea. Nilifika wa mwisho.

Ilunga, mwenzangu wa mutumbwi, alikuwa anaikaza mupaka nakosa pumuzi. Sasa alirudiaka kwabo Sandoa. Namukumbuka kuliko miguu.

Ku nyumba nilijifunga ku kiti ya jikoni, navuta bure, bila makasia. Bibi yangu, mwenye nilioa, akakuja nyuma, akashika mukaba.

"Ivi?"

"Kaza tena, mama."

Akakaza mupaka pumuzi ikakatika.

Ni vile, Ilunga. Ni vile kabisa.