Nahodha wa Bendera Mbili

Yokohama, mwezi wa tano, mwaka wa tano wa enzi ya Meiji

Kwa dada yangu Oyone,

Salamu nyingi sana, dada. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na mama mkwe wako amepona kikohozi? Mimi mzima, tena leo nina furaha hata mistari inakwenda upande, usinicheke mwandiko.

Dada, nimepewa meli! Mimi, Kinzo mdogo wako, niliyempigania Shogun, mtawala wetu wa zamani, hadi siku ya mwisho kule Hakodate, nikafungwa miaka miwili kama mwizi, leo ni nahodha wa Mfalme, yule yule ambaye meli zake nilizipiga mizinga! Afisa aliyenihoji alikiri kwamba meli wanazo, ila wanaojua kuziendesha ni sisi tulioshindwa. Nilitaka kucheka, nikajikaza.

Mabaharia wa Satsuma, maadui wetu wa jana, walinipokea kwa kejeli. Mkuu wao, mzee Gonbei, aliuliza mbele ya wote kama bwana nahodha anakumbuka safari hii anampiga nani. Nikamjibu kwamba akitaka kujua shabaha yangu, aulize meli yake ya zamani iko wapi. Wee! Walishika mbavu, Gonbei mwenyewe akacheka hadi machozi. Nywele nazo nimekata, maana kofia haikukaa juu ya lile fundo la utosini. Ilianguka majini siku ya gwaride, mbele ya wakubwa.

Sasa dada, kaa chini. Uliposikia nimehamia upande wa Mfalme ulinilaani, ukasema nawatumikia waliomuua mumeo. Hawakumuua. Meli yetu ilipokwama kule Hakodate, shemeji Hayata, akiwa nahodha wangu, aliniamuru niwashe baruti tufe sote kuliko kutekwa. Niliimwagia maji baruti, nikaishusha bendera kwa mikono yangu hii. Watu thelathini na wanane walipona. Yeye hakuistahimili aibu ile. Alijipasua tumbo palepale sitahani, huku ananitazama. Nimekuficha miaka mitatu, nisamehe.

Siku ya tatu ya mwezi ujao tutatia nanga Uraga. Nitakuja mlangoni kwako peke yangu, bila upanga. Ukitaka kunipiga, nipige, lakini nifungulie wewe mwenyewe. Na binti yako akiuliza huyu ni nani, mwambie ni mjomba wake, au mwambie ndiye aliyemfanya yatima. Lolote utakalomwambia, sitalikana.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Tsukada Kinzo