Manette ya Cédrick

Cédrick, nimesikia haya leo!

Jeu yetu ya video, sehemu ya pili inakuja. Papa Fortunat ametuonyesha video pale salle yake ya kuchezea, mtaa wa Katoyi. Kila mutu atacheza peke yake, kwa internet. Peke yake, Cédrick! Hakuna tena manette mbili za kuchezea kwa écran moja ya televisheni.

Nikapiga kelele mbele ya wote: "Na Cédrick akirudi, atakaa wapi?"

Papa Fortunat akaniuliza polepole: "Alikuambia anarudi?"

Ulipovuka mpaka wa Bunagana kwenda Kampala ulisema wiki mbili. Sasa ni mwaka.

Nikafungua ile jeu yetu ya zamani. Kwa mazoea nikachagua wachezaji wawili. Mutu wako kwa écran akasimama tu pale, hatembei.

Nilimulinda mpaka maadui wakaniua.