Swali la Litmasi

Shoga, nimefunga saluni mchana kweupe!

Yule mwalimu wa kemia aliyenisimamisha ubaoni kwa swali la litmasi mpaka nikaadhirika, leo kaja kwangu kulainisha nywele. Wala hakunikumbuka!

Nikampaka dawa. Ile ni besi kali, kinyume cha asidi, ikikaa sana inakula ngozi. Akaanza, "Dada, inachoma, nioshe."

Nikamwuliza, "Besi hugeuza karatasi ya litmasi nyekundu iwe rangi gani?"

"Bluu! Nioshe!"

"Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie." Maneno yake yale yale, shoga! Wateja wakacheka.

"BLUU!"

Ndipo nikafungua bomba. Nywele za utosini zikanibakia mkononi.

Akainuka, akanitazama kwenye kioo. Akasema kwa sauti, wa nyuma wasikie:

"Nimekukumbuka. Wewe ndiye yule aliyejikojolea darasani."