Eda Yangu Bado

Ibra, Oman

Mdogo wangu Rayyana,

Natumai goti limepoa. Huku joto limeanza, na mndimu wa uani umezaa mpaka ndimu zinaoza chini.

Hisham na mkewe wamekwisha hamia Malaysia. Mwanangu anasema maisha kule ni rahisi, kuna watu wa kila namna, na mvua kama ile ya Unguja tulipokuwa watoto. Tulipatana auze nyumba, wao watangulie, nami nikimaliza eda ya marehemu Khalaf aniletee tiketi.

Aliyenunua ni mtu wa Sur, ana adabu. Aliniambia nyuma ya mlango, "Mama, kaa. Hatutii mguu ndani mpaka eda yako iishe." Mkewe huniletea chakula. Jana aliniuliza kwa upole, "Bado, mama?"

Nikamwambia bado.

Mwanzo Hisham alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa. Siku hizi napiga mimi, na hupokea Maram, mkewe. Husema mume wake amelala, na chumba changu hakijapatikana.

Eda ilikwisha kabla ya Ramadhani, Rayyana. Najua nawe ulihesabu. Lakini nguo za eda nazifua na kuzivaa tena, na udi sijafukiza.

Yule mke wa mnunuzi ana jamaa zake hapo Malindi, nao wanakujua. Wakija kukuuliza Khalaf alikufa mwezi gani, sema umesahau.

Dada yako,
Wadha