Teleka wa Barazani Kwako

Agnes, shoga yangu,

Jana alasiri kinda la mwisho limeruka, na kiota sasa ni kitupu. Nilikuwa nimesimama barazani kwako. Nasema "kwako" ingawa sasa anakaa mtu mwingine. Nikageuka kukuambia, nikakuta ukuta. Ndiyo maana nakuandikia. Unisamehe kwa mwandiko. Herufi hizi ulinifundisha wewe, na mkono wangu bado unataka kutoka kulia kwenda kushoto, kama tulivyoandika chuoni.

Nianze na yaliyobadilika. Nyumba yako ilikaa tupu miezi miwili baada ya kaka yako kuja kuchukua vitu vyako. Kisha akahamia karani wa forodha, Bwana Hemedi, na mkewe Mwanaidi, watu wa Tanga mjini. Shuleni wamemleta mwalimu mwingine, msichana kutoka Korogwe. Watoto wanasema hapigi lakini hacheki. Mimi na cherehani yangu tupo palepale dirishani, tunatazamana na baraza lako ng'ambo ya njia. Pangani yote siku hizi mazungumzo ni chama na kura, hata wateja wakija kupimwa nguo wanabishana nimewashikia futi kiunoni. Ungefurahi. Wewe na ubishi!

Na ule ubishi wetu mkubwa, Agnes, nimeupatia jibu. Nimeshinda mimi. Ngoja nikueleze nilivyoshinda, maana sikufurahi.

Unakumbuka ulivyoanza. Mwaka wako wa pili hapa, wale mbayuwayu wenye kichwa chekundu na michirizi kifuani walijenga chini ya boriti za baraza lako, tonge la tope juu ya tonge, mpaka kikatokea kiota cha mviringo chenye shingo kama mdomo wa birika. Tulikuwa tukiwatazama, mimi napinda mapindo, wewe unasahihisha hesabu za watoto. Kisha siku moja hatukuwaona tena. Katika shingo ile wakawa wanaingia ndege wengine, weusi, wembamba, mkia wa panda, koo jeupe, na kipande cheupe juu ya mkia kama aliyekalia chokaa mbichi. Mvuvi mmoja aliyekuwa akipita akatuambia hao ni teleka, na kwamba hawana miguu, Mungu kawaumba wakae hewani tu.

"Kama hawana miguu, kiotani wanaingiaje?" ukamuuliza. Akaenda zake.

Mimi nikasema hawa ni wezi, wamepora nyumba ya watu. Wewe ukakataa katakata. Ukasema mbayuwayu wamemaliza kulea wakahama, na hawa wamekuta chumba kitupu wakapanga, kama wewe ulivyoikuta nyumba ile. "Hukuona, Zaina. Unamhukumu mtu kwa jambo usiloliona." Ukaingia ndani, ukatoka na daftari jipya, ukaandika juu: Maswali. Je, wameiba? Je, wana miguu? Manyoya wanayapata wapi, nao hawatui chini? Wakiondoka wanakwenda wapi? Nilicheka. Mtu mzima, mwalimu, anaandika maswali ya ndege! Lakini kesho yake ni mimi niliyepiga kelele kutoka dirishani, njoo, njoo, yule pale kapita na unyoya mdomoni.

Miaka mitatu tukabishana. Kila mwaka tulikosa siku yenyewe, siku ya wale kutoka na hawa kuingia. Ama uko shuleni, ama mimi nina nguo za harusi. Kisha ukaanza kukohoa.

Asubuhi kaka yako alipokuja kukurudisha kwenu Muheza, tulikushika wawili kukupandisha kwenye motokaa. Ukanipa lile daftari. Ukasema, "Masika wakija, tazama tangu asubuhi. Usingoje mpaka umalize kushona." Basi. Nilitaka neno jingine, sijui lipi. Motokaa ikaondoka. Nilirudi ndani nimekasirika, nikashona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa kulia.

Habari ilinifikia siku tano baada ya wewe kuzikwa.

Basi masika yakaanza, na mbayuwayu wakarudi. Siku ya tatu nikamwona Bwana Hemedi kasimama juu ya kiti, fagio la dari mkononi, kanzu kaifunga kiunoni. Nilitoka mbio, futi shingoni, mkasi mkononi. Alipouona ule mkasi alishuka kitini.

"Bi Zaina, wananichafulia ukuta. Jana wameniharibia kanzu ya Ijumaa."

"Kanzu nitakufulia."

"Hii nyumba nimepanga mimi au wewe?"

"Umepanga wewe, bwana. Lakini hicho kiota hukupanga."

Mkewe akacheka ndani. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Tukapatana nitundike ubao chini ya kiota ukinge uchafu, na kila asubuhi niusafishe mwenyewe. Mimi, Zaina, ambaye wewe ulikuwa ukiniambia sifagii hata kwangu.

Kusafisha ubao ndiko kulikonifanya niwepo. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, nimeshika kitambaa. Mbayuwayu alikuwa anaatamia. Wakaja teleka wawili kwa kasi, wanapiga yowe lao lile jembamba. Mmoja akaingia shingoni mwa kiota bila hata kupunguza mwendo. Nikasikia purukushani ndani, mbawa zinagonga udongo. Mbayuwayu dume alikuja akawa anazunguka nje, anarukia na kurudi. Jike akatoka kinyumenyume, manyoya yamevurugika. Akajaribu kuingia tena, akasukumwa. Kisha yai likaanguka juu ya ubao mbele yangu. Jeupe. La pili likafuata. Ute ukanitapakaa kidoleni.

Unaona? Si chumba kitupu, Agnes. Walimtoa mama juu ya mayai yake. Nikasema kwa sauti, "Nilikwambia!" Nikasikia sauti yangu barazani. Miaka mitatu nimeingoja kauli ile, nimeipanga hata utakavyokunja uso. Nikaketi pale sakafuni na kitambaa changu. Mwanaidi akatoka akanikuta nalia, akadhani nalilia mayai. Nikamwacha adhani hivyo.

Wiki nzima sikuwatazama. Niliweka kiti changu kuelekea ukutani. Lakini nawe unanijua. Siku moja nilikuwa najaza mito sufi, mlango wazi, upepo ukachukua kishungi kimoja kikatoka nje, kikapanda juu ya njia. Teleka akateremka, akakinyaka palepale hewani, akaingia nacho kiotani. Nikatoa kingine. Akakinyaka! Nikasimama njiani narusha sufi ya mto wa mtu, na wao wanapita juu ya kichwa changu, fyu, fyu, mpaka mto ukabaki nusu. Mwanaidi akaleta manyoya ya kuku aliyemchinja. Unyoya ukianguka chini hawaugusi kabisa, hata ukiwa mzuri vipi. Lazima uwe unaelea. Kwa hiyo swali lako la manyoya lina jibu: wanaokota kwenye upepo. Baadaye kipande cha matandiko yao kiliangukia ubaoni, nikakishika. Manyoya yamegandana kwa kitu kikavu, king'avu, kama gundi. Nadhani ni mate yao wenyewe. Sina hakika. Nimeandika "nadhani", kama ulivyonifundisha.

Tangu hapo Bwana Hemedi naye akaanza kuchungulia. Hakutaka kuonekana. Anajidai anatazama kama mvua inakuja.

Na ni yeye aliyeniita, siku ya dhoruba. "Bi Zaina! Mgeni wako kaanguka." Teleka mmoja alikuwa sakafuni pembeni mwa ukuta, mabawa yameenea huku na huku, hawezi kuinuka. Nikamchukua. Hana uzito, ungedhani umeshika tundu la kitufe. Mabawa marefu kuliko mwili, yamepishana juu ya mkia kama mkasi uliofungwa. Macho yameingia ndani, meusi, na hayakuniogopa, au hayakunijua kuwa mimi ni kitu cha kuogopa. Mdudu bapa kama kupe akatoka kwenye manyoya ya shingo, akakimbia akaingia upande wa pili. Nikamgeuza.

Ana miguu, Agnes.

Mifupi mno, imefichika kwenye manyoya ya tumbo, lakini ipo, na vidole vinne vyote vimeelekea mbele, vina kucha kali kuliko sindano zangu. Nilipomweka kifuani alining'ang'ania kwenye kanga, akaning'inia pale, kichwa juu, hata nilipoondoa mikono. Si miguu ya kutembea, ni ya kushikilia. Nikajisemea, hilo Agnes angelipenda. Nikabaki nimesimama na ndege kifuani, sithubutu kukohoa.

"Sasa?" akasema Bwana Hemedi.

Tukapanda darini kwao, sote watatu. Nikamtoa kwenye kanga ukucha mmoja mmoja, nikamweka kiganjani, nikanyoosha mkono nje ya dirisha. Akaanza kutetemeka mwili mzima. Hakuruka. Nikafikiri nimemuua kwa udadisi wangu. Kisha akajiachia, akaanguka kama jiwe, Mwanaidi akafumba macho, na kabla hajafika chini mabawa yakashika upepo. Akapita juu ya bati la jirani, akapanda, akapanda. Bwana Hemedi, karani wa serikali, akawa anaruka sakafuni, "Kaenda! Wallahi kaenda!"

Makinda yalikuwa mawili. Yamekaa mle zaidi ya mwezi mzima, siku za mwisho yakitoa vichwa shingoni na kutazama nje. La kwanza liliondoka juzi sijui saa ngapi. La pili nililiona. Hakuna kujaribu, hakuna kutua kwenye waya kupumzika kama mbayuwayu wadogo. Lilitoka moja kwa moja, na halikurudi hata kulala. Leo anga lote la juu ya njia yetu halina hata teleka mmoja. Wanakwenda wapi, hilo sijui. Nimemuuliza baharia wa Ushongo, nimemuuliza dereva wa lori la mkonge aendaye Maramba, kila mmoja kaonyesha upande wake. Na mbayuwayu waliofukuzwa wamejenga upya mwisho wa baraza, karibu na mlango. Bwana Hemedi kanyanyua tu mabega. Kisha akaja kuniuliza kama nina ubao mwingine.

Lakini nimekaa nazungukazunguka ndege, na kuna jambo sijakuambia. Sijafika kaburini kwako. Miezi minane. Mama yako aliniletea salamu mara mbili kwa watu wa sokoni, na mara mbili nilijibu kwamba nina nguo nyingi. Sikuwa nazo. Nilikuwa naona nisipofika, wewe uko likizo kwenu, na shule itafunguliwa.

Jumatatu napanda basi la Muheza. Nimeshawaambia wateja, na kanga ya mama yako nimekwisha kuipinda. Sijui sala zenu, nitasoma zangu kimoyomoyo, nadhani hutakataa. Nitakaa naye siku tatu au nne, nimtekee maji, nimpikie. Najua ataniuliza tulikuwa tunazungumza nini wanawake wawili wazima, miaka yote ile, mpaka mwanawe kila barua aliyomwandikia ikawa na jina langu. Nakuahidi, shoga yangu, sitaona haya. Nitamwambia: ndege, mama. Tulikuwa tunazungumza ndege.

Mungu akulaze pema.

Zaina wako